Maji Yataka Ndia: Sakafu za Choo katika Mji wa Kale

Watalii wanaopita Ndia Kuu, Mombasa, hupiga picha milango na roshani. Choo hawaombi kukiona, na mwenye nyumba naye hana haja ya kuwaonyesha. Mimi ni mwashi wa Kibokoni, mtoto na mjukuu wa waashi, na sehemu kubwa ya riziki yangu imetoka kwenye chumba hicho wasichokiona. Nikiulizwa nyumba ina umri gani, siuangalii mlango. Mlango huuzwa, huhamishwa, ukatiwa nyumba nyingine na kusifiwa upya. Mimi hutaka kujua choo kiko wapi. Naingia, namimina kopo moja la maji sakafuni, nainama kuangalia yanaelekea wapi.

Habari ya zamani kabisa niijuayo kuhusu sakafu ya maji katika kisiwa hiki iliandikwa na mgeni. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, kisha akaendelea na safari yake ya Kilwa. Katika usiku huo mmoja aliona jambo ambalo wenyeji wasingeliandika, kwa kuwa kwao halikuwa jambo. Alisema misikiti ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwenye kila mlango palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Watu walichota kwa chombo cha mbao kilichotiwa kijiti chembamba cha dhiraa moja. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Anayetaka kuingia aliosha miguu kwanza, na mlangoni paliwekwa kipande cha mkeka mzito cha kufutia, kwani watu walitembea miguu mitupu.

Mtu aliyeingia hamamu za Dameski na Kairo alikuwa na sababu gani ya kuandika habari za kuosha miguu Mombasa? Mimi nikisoma naona kazi ya fundi. Maji yako karibu, pa kusimama ni pagumu na pamesawazishwa, na kuna kitu cha kuyazuia maji yasimfuate mtu ndani. Mambo hayo matatu ndiyo choo kizima, mengine ni urembo. Na kile chombo cha kijiti ni kata. Bibi yangu alikuwa nayo ya kifuu cha nazi, ikining'inia ukutani juu ya birika.

Lau tungetaka kuona sakafu za Mombasa ya wakati ule, tungechimba na tusipate kitu cha maana. Wareno waliuteketeza mji mwaka 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589, na baada ya hapo wakaamua kukaa kabisa, wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Nyumba nyingi tunazoziita za kale leo zilijengwa karne ya 19 au baada yake. Kwa sakafu za zamani zaidi inabidi uende Gede, njia ya Malindi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Nilipelekwa huko na baba yangu nikiwa kijana, si kwa matembezi bali kwa masomo. Wenzetu walikuwa wakishangaa jumba la mfalme. Baba alinishika mkono akanipeleka kwenye vyoo. Mle mna shimo, na ubavuni mwake mahali pa kujisafishia palipojengwa kwa mawe na kupakwa chokaa. Akaniambia nipitishe kiganja kwenye lipu ile. Mji ule uliachwa karne nne zilizopita, mvua zote hizo zimeupiga bila paa, na bado mahali pengine chokaa ni laini chini ya mkono.

Chokaa hiyo ilitengenezwaje, hapo nitakaa kidogo, maana ndiyo habari yenyewe. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya lundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe na mepesi. Kisha yakamwagiwa maji, yakatokota na kuvunjika yenyewe bila moto. Chokaa ile ikatiwa shimoni ikalala. Chokaa ya haraka ilikuwa ya ukuta. Iliyolala miezi mingi iliwekwa kwa ajili ya choo na birika.

Kwa nyumba ya ghorofa, boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zikikaribiana. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, na kwa hiyo vyumba vyetu havikupita sana mita 3. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kwenda Ghuba, ndiyo maana vyumba vya nyumba kongwe za huko navyo ni vyembamba vilevile. Juu ya boriti zilipangwa bapa za matumbawe, na juu ya bapa likamwagwa zege la chokaa, mchanga na kokoto. Hapo ndipo watu walipoitwa. Walipanga safu wakiwa na vipande, yaani vibao vya kupigia vyenye mpini, wakaipiga sakafu kwa siku kadhaa huku wakiimba na kuinyunyizia maji, pigo likifuata wimbo. Mimi sikuiona kazi hiyo. Babu aliiona utotoni na alikuwa bado akikumbuka kero ya wimbo mmoja uliorudiwa kutwa. Kupiga kulifukuza hewa na kuziba nyufa kabla hazijazaliwa. Mwisho ulikuja mkono wa fundi mmoja tu, akipaka chokaa laini kwa tabaka nyembamba na kuisugua kwa jiwe la pwani mpaka ing'ae.

Sakafu kama hiyo haikuzuia maji kabisa, na hapa ndipo wengi wanapoielewa vibaya. Hunywa kidogo, kisha hupumua. Maji yakiingia kidogo asubuhi, upepo na joto huyatoa mpaka alasiri. Ilijengwa ikijua kuwa itakauka.

Sasa angalia chumba chenyewe. Choo cha nyumba ya mawe kilikuwa nyuma kabisa, au ndani kabisa, chembamba, giza kidogo, baridi. Pembeni palikuwa na birika lililojengwa. Katika baadhi ya nyumba za Lamu mabirika yalitiwa bakuli la Kichina chini, likazamishwa kwenye chokaa, na samaki wadogo wakafugwa humo wale viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua samaki wanakimbilia ndani ya bakuli. Nilipoelezwa habari hiyo mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Sakafu iliteremka kutoka birika hadi tundu moja, na tundu likatoa maji nje kwa mlizamu, au likayapeleka kwenye shimo lililochimbwa katika mwamba, ambao nao ni matumbawe na hunywa kila kitu. Ghorofani, choo kilijengwa juu ya njia iliyoshuka ndani ya ukuta mpaka shimoni. Mafundi walikibana choo upande mmoja wa nyumba ili boriti za chini yake ziwe fupi na chache.

Babu alikuwa na neno moja tu la kufundishia, naye alisema Kimvita cha zamani: "Maji yataka ndia. Usipoyapa, yatajipa." Alimwaga kata moja pembeni, na kama maji yalisita mahali hata ukubwa wa sahani, alibomoa.

Na maji yenyewe yalikuwa kiasi gani? Maji matamu ya kisimani yaliletwa mlangoni na wachukuzi wa mzegazega, madebe mawili yakining'inia kwenye mti mabegani. Debe ni lita 18, na kila debe lilikuwa na bei. Mtu alioga kwa kata, akihesabu bila kujua kwamba anahesabu. Mtu mzima aliyemaliza debe zima peke yake alisemwa. Sakafu ya choo ilipokea maji machache, polepole, kisha ikaachwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 maji ya chemchemi za Marere, huko milima ya Shimba, yaliletwa mjini kwa bomba. Mifereji ilianza kwa wachache: ofisi za serikali, nyumba za wakubwa, bandari. Kwa nyumba nyingi za Mji wa Kale mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950, na yalikuja mawili kwa mpigo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, alichokianzisha Felix Mandl mwaka 1951, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Mwaka 1957 yakafunguliwa maji ya Mzima, yaliyosafiri kilomita zipatazo 220 kutoka chemchemi za Tsavo hadi kisiwani. Tofauti ni miaka 3 tu. Kabla watu hawajaizoea saruji ya karibu na ya bei nafuu, wakaletewa maji mengi kuliko walivyowahi kuota.

Kwangu mimi hiyo miaka 3 ndiyo iliyoigawa kazi yetu pande mbili, kuliko kuja kwa Mreno au kuondoka kwa Mwingereza. Mchoma chokaa alikosa kazi. Kwa nini mtu angoje chokaa ilale miezi, na saruji inashika usiku mmoja? Baba yangu aliishika saruji kwa furaha, nami simlaumu. Sakafu nyekundu za saruji iliyotiwa rangi na kung'arishwa zilienea kila mtaa. Wenye uwezo waliweka terazo, vipande vya mawe ya rangi ndani ya saruji, ikasuguliwa kwa mashine mpaka ionekane kama marijani iliyokatwa. Terazo ya miaka ile ni kazi ambayo naivulia kofia mpaka leo: haina viungo vya kupitisha maji, na fundi akiikunja ukingoni mwa ukuta, pembe yote inakuwa kitu kimoja. Ukiikuta bafuni kwako, usikubali ibomolewe kwa ajili ya kigae cha dukani.

Halafu shawa ikapanda ghorofani.

Shawa ya kawaida hutoa lita 8 au zaidi kwa dakika. Mtu akisimama chini yake dakika 10, hizo ni lita 80, zaidi ya madebe manne. Nyumba yenye watu sita wanaooga hivyo mara moja kwa siku humwaga madebe zaidi ya 26 juu ya boriti ambazo zilijengewa mtu na kata yake. Na si wingi tu. Maji ya kata huanguka na kukoma. Ya shawa hupiga mahali pamoja bila kupumzika, yakirukia ukutani mpaka kimo cha kichwa, mahali ambapo lipu ya zamani haikuwahi kulowa.

Walipoona sakafu zinavuja, watu walifanya jambo lililoonekana la busara: waliifunika chokaa kwa saruji, na juu ya saruji wakalaza vigae. Vigae kwetu si kitu kigeni. Paa nyingi za mji huu zilikuwa za vigae vya Mangalore, ambako Misheni ya Basel ilianzisha kiwanda mwaka 1865. Lakini kigae cha paa kazi yake ni kuteremsha mvua, na kikilowa hukaushwa na jua. Kigae cha bafuni kinakaa kizani. Siku hizi vingi hutoka China, vingine Morbi katika jimbo la Gujarat, si mbali na Kachi, walikotoka wazee wa majirani zetu wengi wa Mji wa Kale. Ni vizuri, vigumu, vya bei ya kuvumilika. Havivuji hata kidogo.

Viungo vinavuja. Kila mstari baina ya kigae na kigae ni saruji nyembamba inayokunywa maji, nayo hufanya ufa nyumba ikitikisika, na nyumba ya boriti hutikisika kila anapopita mtu mnene. Maji huingia kwenye ufa na kutua juu ya saruji. Chini ya saruji ipo chokaa, imelowa. Zamani ingepumua kwa juu. Sasa juu pamefungwa. Kwa hiyo unyevu unashuka kwenye bapa, unashuka kwenye boriti, na unaingia hasa kichwani mwa boriti, pale inapozama ukutani, mahali asipopaona mtu. Chumvi ya matumbawe nayo inatoka ukutani na kuivimbisha rangi. Mchwa hawahitaji mwaliko mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na bibi mmoja, nyumba yake ni ya babu wa mumewe. Wanawe wa Ghuba walikuwa wamemtengenezea bafu jipya juu, vigae vyeupe hadi darini, shawa ya kung'aa. Alinikalisha, akaniletea kahawa, ndipo akaonyesha kidole juu. "Fundi, mwanangu, mbona dari lalia?" Doa lilikuwa la rangi ya chai, upana wa sinia. Nilipanda na patasi, nikagonga boriti tatu zilizo chini ya bafu. Mbili zilinijibu kwa sauti kavu. Ya tatu patasi ilizama mpaka mpini.

"Bibi," nikamwambia, "bafu ni zuri. Lakini halina kitako."

"Kitako gani tena, baba? Wamelipa pesa zote zile."

Nilimweleza kama ninavyokueleza wewe. Bafu la shawa lina sakafu mbili. Ya juu ni ya kukanyagwa na ya kutazamwa, iwe kigae au jiwe. Ya chini ndiyo ya kuzuia maji, na anayeilipia haioni tena maisha yake yote. Fundi mvivu huweka ya juu peke yake, kwa sababu ndiyo inayopigwa picha na kupelekwa Dubai kwa simu.

Hiyo ya chini hufanywa hivi. Kwanza tabaka la saruji na mchanga lenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kutoka pande zote kwenda kwenye tundu. Mteremko unaanza hapa chini. Anayeungoja kigae ndipo auweke, amechelewa, kwani maji yatakayopenya yatalala gorofa. Juu yake unatandaza kizuizi chenyewe: wapo wanaotumia karatasi nzito ya lami, wapo wanaotumia dawa ya kupaka inayovutika kama mpira, na hii ya pili ndiyo niipendayo juu ya boriti, maana nyumba ikitikisika nayo inajongea. Nailoni ya dukani iliyotandazwa na kukunjwa pembeni si kizuizi, ni uwongo. Kizuizi lazima kipande ukutani walau shubiri moja, na kifungwe kwenye tundu pasipo nafasi. Kisha tabaka jingine la saruji, halafu kigae. Na pembeni mwa tundu, chini ya kigae, unaacha vijitobo vidogo ili maji yaliyonaswa katika tabaka la juu yapate kutoka. Hivyo vijitobo mafundi wengi huviziba kwa saruji wakidhani wanafanya usafi. Bafu linalonuka hata likisuguliwa kila siku, mara nyingi limezibwa hapo.

Kuhusu jiwe, watu huniuliza sana juu ya mawe ya Mazeras. Ni mawe ya mchanga, bapa, ya manjano, kahawia na kijivu, yanachimbwa hapo juu kidogo tu ya Mombasa kwenye njia ya reli. Zamani yalikuwa ya uwanja na kibaraza. Sasa hoteli zimeyatia mabafuni na wenye nyumba wameiga. Mguu wenye sabuni hautelezi juu yake, na kwa wazee hilo ni jambo kubwa. Kigae kinachong'aa kimevunja nyonga nyingi mjini hapa. Ila jiwe la Mazeras linakunywa. Lipake dawa ya kuziba, upake tena kila baada ya muda, na usijidanganye kuwa ni kizuizi. Chini yake kitako ni kilekile.

Ukipita nyumba za Mji wa Kale leo utacheka. Maji ya Mzima yaliyofunguliwa kwa mji wa 1957 hayautoshi mji wa sasa, na mifereji hukauka siku nyingi. Mikokoteni ya mitungi ya maji inapita vichochoroni kama walivyopita wa mzegazega. Ndani ya bafu la vigae vyeupe, chini ya shawa ya kung'aa isiyotoa tone, limewekwa pipa la plastiki, na juu ya pipa kopo. Limewekwa kwenye pembe ileile ya birika. Watu wamerudi kuoga kwa kuhesabu, na boriti nyingi za mji huu zimeongezewa umri na ukame wa mifereji kuliko na kazi yetu mafundi.

Bibi yule tulimbadilishia ile boriti moja. Chumba cha shawa tukakishusha chini, juu ya mwamba, na choo cha juu tukakipaka chokaa tena, kiwe cha kata. Wanawe walinung'unika. Yeye alisema heri, ngazi zilikuwa zimemchosha.

Wewe unayetaka bafu la ghorofani katika nyumba ya boriti, sikukatazi. Nakuomba jambo moja, na uliandike kwenye makubaliano kabla ya kutoa pesa ya kwanza. Kizuizi kikishakauka, na kabla kigae au jiwe halijalazwa, mwambie fundi azibe tundu, ajaze maji mpaka yafike chini kidogo ya ukingo, atie alama ukutani pale yalipofika, na maji hayo yalale mpaka kesho. Asubuhi angalia alama, kisha shuka chini uzitazame boriti, uzipapase kwa mkono. Maji yakiwa palepale na boriti zikiwa kavu, mlipe aendelee. Akikataa kufanya hivyo, tafuta fundi mwingine.